Usafishaji wa majitaka ya maziwa kwa kuvu

Usafishaji wa majitaka ya maziwa kwa kuvu ni njia ya kibiolojia ya kuondoa mabaki ya maziwa katika maji yanayotoka kwenye viwanda vya maziwa. Maji hayo hupitishwa katika chombo kiitwacho bioreakta, ambamo kuvu hulishwa mabaki hayo na kupewa hewa. Kuvu hula sukari, mafuta na protini za maziwa, hukua, kisha hutengwa na maji kwa kuchujwa au kwa kuachwa zituame chini. Maji yanayobaki huwa na uchafu mdogo kuliko mwanzo, ingawa kwa kawaida huhitaji hatua nyingine kabla ya kuachiwa mtoni.

Njia hii ni ndugu ya ile ya matope hai, ambayo Edward Ardern na William Lockett waliieleza mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1914. Tofauti kubwa ni mfanyakazi: katika matope hai kazi kubwa hufanywa na bakteria, na katika bioreakta ya kuvu hufanywa na kuvu zenye nyuzi au na hamira.

Maziwa kama uchafu

Watu wengi hushangaa kusikia maziwa yakiitwa uchafu. Mtu hunywa kikombe kizima bila madhara, iweje kikombe hichohicho kiue samaki? Jibu ni oksijeni. Maziwa ni chakula cha viumbe wadogo kama yalivyo chakula cha ndama. Yakiingia mtoni, bakteria huyashambulia, huongezeka kwa kasi, na kwa kufanya hivyo hutumia oksijeni iliyoyeyuka katika maji. Samaki hukosa hewa.

Kiasi cha oksijeni kinachohitajika hupimwa kwa kipimo kinachojulikana kwa ufupisho BOD. Sampuli ya maji huwekwa gizani kwa siku 5 katika nyuzijoto 20, kisha huangaliwa oksijeni kiasi gani imetumika. Maziwa kamili yana BOD ya miligramu 100,000 hivi kwa lita. Maji ya ziwa yenye nyuzijoto 25 hubeba miligramu 8 hivi tu za oksijeni kwa lita. Kwa hiyo lita moja ya maziwa ina uwezo wa kumaliza oksijeni yote iliyomo katika lita 12,500 za maji safi, kama maji hayo hayapati hewa mpya. Mwalimu wa kemia anaweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni pamoja na wanafunzi wake kwa dakika mbili.

Kiwanda hakimwagi maziwa kwa makusudi. Yanayopotea ni yale yaliyoganda kwenye kuta za matenki na mabomba, yaliyobaki katika keni za wafugaji, yaliyomwagika wakati wa kufungasha, na yale yaliyokataliwa mapokezi baada ya kuganda katika kipimo cha alkoholi. Vyote hivyo husuuzwa kwa maji, na kiwanda chaweza kutumia lita 1 hadi 10 za maji kwa kila lita ya maziwa kufuatana na ukubwa wake na uangalifu wa wafanyakazi. Juu ya hayo huja dawa za kusafishia: kostiki soda ya kuondoa mafuta, na asidi ya nitriki ya kuondoa ukoko wa madini. Asubuhi majitaka yanaweza kuwa na asidi kali, na mchana yakawa na alkali inayochubua ngozi.

Uchafu mzito kuliko wote hutoka kwenye utengenezaji wa jibini. Maziwa yakigandishwa, mafuta na sehemu kubwa ya protini hubaki kwenye jibini, lakini maji ya rangi ya manjano-kijani hutengana nayo yakiwa na karibu sukari yote ya maziwa, yaani laktosi, kiasi cha gramu 45 hadi 50 kwa lita. Maji haya ya jibini huwa na BOD ya miligramu 30,000 hadi 50,000 kwa lita. Tuchukue kiwanda kidogo cha mfano kinachogandisha lita 1,000 kwa siku. Kitapata kilo 100 hivi za jibini na lita 900 za maji ya jibini. Kwa BOD ya miligramu 35,000, hizo ni kilo 31.5 za mahitaji ya oksijeni kila siku. Mtu mmoja huhesabiwa kuzalisha gramu 60 kwa siku kupitia choo na maji ya kuogea na kupikia. Chumba kimoja cha jibini chenye wafanyakazi wachache kinaweza basi kuchafua maji kama kijiji cha watu zaidi ya 500.

Mto Mara na wilaya zake

Mkoani Mara jambo hili lina uzito wa pekee. Mto Mara huanzia milima ya Mau nchini Kenya, ambako vijito vya Nyangores na Amala hukutana, hupita hifadhi za Maasai Mara na Serengeti, kisha hupita kati ya Wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kutawanyika katika vinamasi vya mafunjo na kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Una urefu wa kilomita 395 hivi. Maji hayohayo hunyweshwa mifugo, huvuliwa samaki, na katika vijiji vingi huchotwa kwa matumizi ya nyumbani.

Mto huu tayari unabeba mzigo wa asili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa Kenya huingiza mtoni tani 8.5 hivi za majani yaliyosagwa nusu kila siku. Wakati wa kiangazi kinyesi hicho hurundikana katika madimbwi ya viboko, na oksijeni ya chini huisha kabisa. Mvua kubwa ikinyesha, madimbwi husukumwa kwa pamoja, maji yasiyo na oksijeni hushuka mtoni, na samaki hufa kilomita nyingi kutoka pale. Hakuna kiwanda kilichohusika.

Machi 2022 maji ya sehemu ya chini ya mto, eneo la Daraja la Kirumi, yaligeuka meusi na kunuka, na samaki wengi wakaelea wakiwa wamekufa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza kinamasini. Taarifa hiyo ilipokewa kwa ubishi mkubwa, kwa kuwa wananchi wengi walikuwa wakishuku mgodi wa dhahabu. Wengi waliuliza, na si bila sababu, iweje ng'ombe waliokuwepo miaka yote wachafue mto mwaka huo. Vyovyote vile, mjadala ule uliwafundisha watu wengi kwamba sumu si njia pekee ya kuua samaki: chakula kingi kupita kiasi nacho huwaua. Na majitaka ya maziwa ni ya kundi hilo la pili.

Tarime ina nyanda za juu zenye mvua na baridi, zinazofaa ng'ombe wa maziwa wa kisasa na chotara. Wilaya ya Serengeti ni kavu zaidi, na wafugaji wengi hutegemea ng'ombe wa asili ambao maziwa yao huwa mengi masika na hupungua sana kiangazi. Makao makuu yake, Mugumu, hupata maji kutoka Bwawa la Manchira. Bwawa halitiririki kama mto, kwa hiyo uchafu unaoliingia hukaa humo.

Usindikaji wa maziwa si jambo geni katika eneo hili. Kampuni ya umma ya Tanzania Dairies Limited ilikuwa na viwanda saba nchini, na viwili kati yake vilikuwa Mara: kimoja Musoma na kingine Utegi, ambako kulikuwa ndani ya Wilaya ya Tarime hadi Wilaya ya Rorya ilipotengwa mwaka 2007. Viwanda hivyo vya umma baadaye vilibinafsishwa. Leo sehemu kubwa sana ya maziwa ya Tanzania hunywewa nyumbani au kuuzwa mabichi na mtindi mitaani, na yanayopita kiwandani ni chini ya asilimia 5. Hii ina maana kwamba uchafu wa maziwa mkoani bado ni mdogo, lakini kila kiwanda kipya kinaleta mahali pamoja kile kilichokuwa kimetawanyika katika maelfu ya vibuyu.

Kwa nini kuvu

Bakteria wa matope hai hupenda maji yasiyo na asidi wala alkali, yenye pH ya 6.5 hadi 8.5. Majitaka ya maziwa hayakai hapo. Laktosi ikiachwa tenkini usiku mmoja katika joto la Musoma huchacha na kuwa asidi ya laktiki, na pH hushuka hadi 4 au 5. Mtambo wa bakteria utahitaji chokaa kila siku kuirudisha. Kuvu nyingi, kinyume chake, hustawi katika pH ya 4 hadi 6.

Sababu ya pili ni mafuta. Mafuta ya maziwa huelea, huziba mabomba na kuwafunika bakteria. Katika mitambo ya biogesi, asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu huzuia kazi ya viumbe wanaotoa methani. Kuvu hutoa nje ya mwili wake vimeng'enya viitwavyo lipesi, vinavyokata mafuta vipandevipande, na vingine vinavyokata protini. Kisha hufyonza vipande vilivyo tayari. Kwa maneno mengine, kuvu humeng'enya kwanza na kula baadaye.

Sababu ya tatu ni wepesi wa kuvuna. Bakteria ni wadogo mno kushikwa na chujio la kawaida, wakati kuvu zenye nyuzi hufungamana na kuwa vidonge au utando unaoweza kushikwa na kitambaa.

Aina zinazotumika

Kuvu iliyo karibu zaidi na maziwa ni Geotrichum candidum. Huishi katika maziwa yenyewe, na ndiyo inayofanya ngozi laini kama mahameli juu ya jibini fulani za Ulaya na juu ya mtindi wa Kifini uitwao viili. Hukua vizuri kwenye asidi ya laktiki na mafuta, ila aina zake nyingi hazili laktosi vizuri. Kwa laktosi hutumika hamira Kluyveromyces marxianus, ambayo ina kimeng'enya cha kuikata kuwa glukosi na galaktosi. Hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, haina uwezo huo. Mwanafunzi akiitia katika maji ya jibini hataona povu la maana.

Aspergillus niger, ukungu mweusi unaoota juu ya vitunguu, ni maarufu kwa wingi wa vimeng'enya vyake. Kuvu nyeupe za kuozesha magogo kama Trametes versicolor na Phanerochaete chrysosporium zimejaribiwa pia, lakini umahiri wake uko kwenye rangi na kemikali sugu kuliko kwenye maziwa.

Hapa jina moja hupotosha. Ule ute wa kijivu kama sufu unaoning'inia kwenye mifereji ya majitaka huitwa na wengi ukungu, lakini mara nyingi ni bakteria mwenye nyuzi, Sphaerotilus natans. Kuonekana kwake ni dalili ya uchafu, si dalili kwamba mfereji unajisafisha vya kutosha.

Bioreakta inavyofanya kazi

Kabla ya kufika kwenye kuvu, maji hupita kwenye wavu wa kuzuia takataka, kisha mtego wa mafuta, yaani sanduku lenye vyumba ambamo mafuta huelea na kuchotwa. Hufuata tenki la kusawazisha. Tenki hili halina cha kujivunia, lakini kiwanda kisicho nalo hakitafanikiwa kwa kuvu wala kwa bakteria. Hukusanya maji ya saa nyingi ili kostiki ya mchana ikutane na asidi ya usiku zikapunguzane nguvu, na ili mtambo ulishwe kidogokidogo badala ya kupewa vyote kwa mkupuo.

Bioreakta yenyewe huwa na maumbo mbalimbali. Lililo rahisi zaidi ni tenki lenye kikoroga na hewa inayopulizwa toka chini. Tatizo ni kwamba nyuzi za kuvu hujizungusha kwenye kikoroga kama nywele kwenye ekseli ya baiskeli. Kwa sababu hiyo wengi hupendelea mnara usio na kikoroga, ambamo mapovu ya hewa yenyewe huinua maji upande mmoja na kuyaacha yashuke upande mwingine. Aina nyingine ni ya mafungu: tenki hujazwa, hupulizwa hewa kwa saa kadhaa, huachwa litulie, maji ya juu hutolewa, na kuvu iliyotuama hubaki kungoja mzunguko mwingine. Hii hufaa kiwanda kidogo kinachosindika asubuhi tu.

Aina ya nne hushikiza kuvu mahali pamoja. Chombo hujazwa vitu vyenye uwazi mwingi, maji hupita katikati, na kuvu huota juu yake. Maabara zimetumia sponji za plastiki, kokoto na vipande vya mbao, na pia dodoki, lile tunda linalokaushwa na kutumika bafuni. Dodoki lina nyuzi zilizosukwa kwa asili, ni jepesi, na huota lenyewe uani katika sehemu nyingi za Mara. Udhaifu wake ni kwamba huoza polepole na lazima libadilishwe.

Gharama kubwa ya uendeshaji ni umeme wa kupuliza hewa. Kwa makadirio ya kawaida, kuondoa kilo moja ya BOD huhitaji kilo moja hivi ya oksijeni, na mashine za hewa huyeyusha kilo 1 hadi 2 kwa kila uniti ya umeme. Kiwanda cha mfano kilichotajwa juu, kikiingiza maji yake yote ya jibini kwenye bioreakta, kingehitaji uniti 16 hadi 32 kila siku kwa hewa peke yake. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya busara si bioreakta bali ndoo: maji ya jibini yakikingwa yakiwa safi, hulisha nguruwe na ndama, na kinachobaki kwenda kwenye mtambo ni suuza tu.

Udhaifu

Kuvu hukua polepole kuliko bakteria. Bakteria fulani hujigawa kila baada ya dakika 20 hadi 30, wakati kuvu nyingi huhitaji saa kadhaa kuongezeka maradufu. Majitaka hayachemshwi, kwa hiyo bakteria huingia nayo kila siku, na mtambo ukiachwa bila uangalizi hugeuka taratibu kuwa wa matope hai. Mwendeshaji hujilinda kwa kuweka pH chini, karibu na 4.5. Lakini protini za maziwa zikivunjwa hutoa amonia, na amonia huipandisha tena. Vita hii ndogo ya kila siku ndiyo sababu kubwa ya teknolojia hii kubaki zaidi maabarani na katika mitambo ya majaribio.

Jambo la pili ni fosforasi. Lita moja ya maziwa ina karibu gramu moja yake, na kuvu huchukua sehemu tu. Ziwa Victoria tayari linasumbuliwa na wingi wa virutubisho vinavyolisha mwani na magugu maji, kwa hiyo maji yanayotoka kwenye bioreakta hayafai kwenda ziwani moja kwa moja. Hupitishwa katika madimbwi au katika kitalu cha kokoto kilichopandwa matete au mafunjo, au hutumika kumwagilia nyasi za mifugo.

Tatu ni usalama. Ukungu Aspergillus flavus, jamaa wa A. niger, hutoa sumu ya aflatoksini, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia nafaka. Ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutokea katika maziwa. Kuokota ukungu wowote ulioota kwenye mkate na kuutia tenkini ni hatari. Mbegu ya kuvu hutakiwa kutoka maabara inayojua jina lake. Hata aina salama zinaweza kumletea pumu anayevuta vumbi lake kila siku.

Mavuno ya kuvu

Kuvu iliyokaushwa huwa na protini nyingi, mara nyingi asilimia 30 hadi 45 kwa ukungu na zaidi kidogo kwa hamira. Nchini Ufaransa kampuni ya jibini ya Bel ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kukuza hamira juu ya maji ya jibini kwa ajili ya lishe. Nchini Finland, katika miaka ya 1970, kiwanda cha karatasi kilitumia ukungu Paecilomyces variotii kusafisha majitaka yake na kuuza mavuno kama chakula cha mifugo kwa jina la Pekilo. Nchini Ireland kiwanda cha Carbery kimetengeneza pombe kutokana na maji ya jibini tangu 1978. Mapato ya mavuno kama haya yanaweza kusaidia kulipia usafishaji. Ila kuvu iliyokula majitaka yenye dawa za kusafishia si chakula, hufaa mboji.

Tanzania

Majitaka mengi ya viwanda na miji nchini husafishwa katika mabwawa ya kutuamisha, yanayofanya kazi kwa jua, mwani na bakteria bila umeme. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya pia utafiti wa muda mrefu juu ya vinamasi vya kutengenezwa. Ujuzi wa kutumia kuvu kwa mabaki ya viwandani upo: mwaka 2009 Mutemi Muthangya, Anthony Mshandete na Amelia Kivaisi walichapisha utafiti wa kulainisha mabaki ya mkonge kwa kuvu kabla ya kuyatia kwenye mtambo wa biogesi, na gesi iliyopatikana iliongezeka. Mkonge na maziwa ni vitu tofauti, lakini wazo la kuipa kuvu zamu ya kwanza na viumbe wa biogesi zamu ya pili linafaa kwa majitaka yenye mafuta.

Kisheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na NEMC, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 hukataza kuachia majitaka bila kibali. Upande wa Mara kibali hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Mwanza. Viwango vya taifa huruhusu BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita na pH kati ya 6.5 na 8.5. Suuza ya kawaida ya kiwanda cha maziwa, yenye miligramu 1,000 hadi 2,000, lazima basi ipunguzwe kwa asilimia 97 au zaidi. Bioreakta ya kuvu peke yake ni nadra kufika hapo, na maji yake yenye pH ya 4.5 yangekataliwa hata kama BOD ingetimia. Hupitishwa kwanza kwenye chokaa au kitalu cha mafunjo, na sampuli ya kupimwa huchukuliwa pale yanapotoka.